Milima Mitano ya Udongo

Columbus, 2015

Baba,

Nimekuja kukuomba msamaha, na sitazunguka. Ile milima ya udongo uliyopewa na mzee wa Kichina uliyekuwa ukimhudumia kule Kenmore haikuwa sanamu ya kuabudiwa.

Unakumbuka nilipokuja Buffalo nikaikuta mezani kwako, karibu na Biblia? Vilele vitano vimeungana, kijani kikiingia kwenye kahawia, vizito kama jiwe. Nikakuambia mtu aliyeokoka haweki miungu ya watu nyumbani. Nikampigia kaka Louisville, naye akawaambia wa kikundi chake cha maombi, habari zikafika hadi Buffalo, na ndugu wa huko wakaacha kukutembelea. Hukugombana nami. Ulisema tu, "Bon, mtoto yangu, hii ni milima. Inanikumbusha kwetu." Nikakununia. Nikiwa bado nimenuna, ukafariki.

Baada ya mazishi niliichukua ili niitupe, lakini mkono ukakataa. Nikaificha ndani ya boksi la viatu.

Wiki iliyopita darasa la mjukuu wako lilipelekwa makumbusho, nami nikawasindikiza. Baba, nilisimama mbele ya kabati la kioo nikasahau watoto wa watu. Milima kama yako! Kando yake jani la yungiyungi la kuoshea brashi ya kuandikia, na tunda dogo la kudondoshea maji kwenye wino. Ni udongo uliochomwa tu, lakini jani lile lina mishipa, lina hata tundu alipokula kiwavi. Nani alikaa akamtazama kiwavi kwa upendo namna hiyo?

Mama aliyetuongoza alisema ni vyombo vya meza ya wasomi wa China wa zamani. Anayeandika akichoka, hulaza brashi kati ya vilele viwili, akapumzisha mkono na kutazama mlima.

Nilikaa chini palepale. Wewe uliyeandikia kambi nzima ya wakimbizi barua za kutafuta ndugu waliopotea! Bila shaka yule mzee alikuona ukiandika, akakupa pa kulaza kalamu. Mimi uliyenizaa sikuona kitu. Naona haya, Baba, na bado nashangaa.

Jumapili nakwenda Louisville. Nitasimama katikati ya maombi, kaka akiwepo, niseme, "Baba hakukosa. Ni mimi nilikosa."

Pumzika salama. Wakininunia, nitawavumilia kama ulivyonivumilia mimi.

Binti yako,
Neema