Mwewe wa Kulipiza

Jumatatu, 3 Machi
Ndizi zimeisha mapema gulioni. Nimenunua chumvi, sabuni, dagaa kidogo. Kabla sijafika nyumbani nikasikia msumeno wa mashine.

Mti wa mhumula uliotia kivuli kaburi la mume wangu Anselmi uko chini. Shemeji Deo, mdogo wake, kasimama juu ya gogo na wapasua mbao wawili. Nikamuuliza nani kampa ruhusa.

"Mti ni wa ukoo, shemeji. Wewe umeolewa tu hapa."

Mbele ya wageni. Gogo limevunja ukingo wa kaburi. Sikulia. Namchukia.

Jioni nimekuta kiota kwenye matawi. Makinda mawili ya mwewe, moja limekufa. La pili limeshaota manyoya, bawa la kushoto linaning'inia. Limenichana kidole. Nimelifunika kwa khanga, nikaliweka jikoni kwenye tenga.

Jumanne, 4 Machi
Nimelifunga bawa kwa kipande cha kitenge. Dagaa wa kulowekwa kawakataa. Jioni kala.

Nikakumbuka kitu. Mwewe hula vifaranga. Uani kwa Deo, ng'ambo ya mpaka wetu, vifaranga vimejaa. Nimecheka peke yangu jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wa mchungaji kapita kunijulia hali. Kamwona ndege, kasema nina moyo wa huruma. Nikaitikia amina. Huruma sina.

Jumapili, 16 Machi
Mahubiri yalihusu kusamehe. Deo kakaa benchi la mbele, shati jipya. Nilitazama kisogo chake ibada nzima. Nimerudi nikampa mwewe panya aliyenaswa stoo. Kammaliza na mkia.

Alhamisi, 27 Machi
Kitambaa nimekifungua. Karuka hadi paa la jiko, akateleza, akarudi chini. Bawa limepona. Sasa namlishia kwenye kisiki cha mhumula, karibu na mpaka. Akila anatazama kwa Deo. Ndivyo ninavyotaka.

Jumamosi, 5 Aprili
Kachukua kifaranga. Nilikuwa nachuma majani ya maboga, nikaona kivuli kinapita, kisha kelele za kuku. Baadaye akarudi, akachukua kingine. Nimefurahi. Deo hakuwepo, yuko Rubwera na mbao zake. Nasikitika hakuona.

Jumatatu, 7 Aprili
Leo kaja Jeneroza, mke wa Deo. Kanisalimia, kakataa kiti.

"Dada, yule ndege ni wako. Nimekuona ukimlisha."

Sikukana.

"Kuku si wa Deo. Mama yangu alinipa tetea nilipokwenda kwetu Nyakasimbi. Kahawa anauza yeye, mbao anauza yeye. Mimi nina hao tu."

Nikamwambia mumewe amevunja kaburi la kaka yake. Akasema anajua. Siku ile alimshika Deo mkono asikate, akapigwa kibao mbele ya wale wapasua mbao.

Mimi sikuwepo. Sikuuliza. Mwezi mzima nimemfundisha ndege kumwibia mwanamke aliyenitetea.

Nimeona aibu. Hasira haikuisha. Imeongezeka, maana sasa ni ya watu wawili.

"Utayasema hayo mbele ya ukoo?" nikamuuliza.

Akavuta kile kiti alichokikataa. Kisha akakaa.

Jumatano, 9 Aprili
Nimemnasa mwewe kwa utumbo wa samaki, nikamfunika kwenye tenga, nikapanda bodaboda hadi bondeni, mbali na nyumba za watu. Dereva kaniuliza kama nimebeba kuku. Nikasema ndiyo. Nilipofunua hakunitazama hata mara moja. Kapaa juu ya mafunjo, akajiunga na mwewe wengine. Nimerudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nimebaki mpweke kuliko nilivyodhani.

Tetea wangu mwenye vifaranga nimempelekea Jeneroza. Kampokea bila maneno mengi.

Jumapili, 20 Aprili
Ukoo umekaa kwa mzee Leopodi, baba mdogo wa Anselmi. Deo kasema mti ulikuwa unaoza, eti ungeangukia nyumba. Jeneroza akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kasema yote, na kibao pia. Mzee Leopodi akamuuliza Deo kama mkewe anadanganya. Deo akatazama chini.

Wameamua: ajenge kaburi upya kwa mikono yake, asiajiri mtu. Mpaka wangu asiuvuke tena bila ruhusa yangu. Na Jeneroza akiguswa tena, Deo atajibu mbele ya ukoo.

Nilitaka aumie zaidi. Nimelala vizuri hata hivyo.

Jumamosi, 26 Aprili
Mvua imepumzika. Deo kabisha hodi mapema, kaomba ruhusa kuingia. Nimempa. Kachanganya saruji peke yake, kapiga magoti kwenye udongo, jua likimwakia mgongoni kwa kuwa hapana kivuli tena. Nimekaa mlangoni namenya ndizi, namtazama.

Mchana akaomba maji.

Nikamaliza kwanza kumenya. Kisha nikampelekea.