Bibi, Nilimwambia Daktari Uko Salama

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasubiri uitikie. Hukuwahi kuchelewesha marahaba, hata ukiwa na meno yako ya bandia mkononi.

Mkongojo wako wa miguu minne unahama. Asubuhi nauegesha nyuma ya mlango. Nikirudi shule, giza la Januari limeshashika madirisha, naukuta kando ya kitanda chako. Nilimuuliza Mama. Akasema, "Kwani si wewe?" Hatujaulizana tena.

Unakumbuka ulivyoanguka kwenye barafu, hapa chini ya jengo letu? Ulikaa hospitali siku nne, mimi mkalimani wako. Daktari akauliza unajisikiaje. Ukajibu kama tujibuvyo kwetu, habari njema itangulie: "Mwambie salama, tunamshukuru Mungu. Ila huu mguu, mjukuu wangu, siusikii kabisa."

Nilimwambia ile habari ya mwanzo tu. Akaanza kuandika, nami nikaona haya kumkatiza. Ukacheka. "Mbona Kiingereza chako kifupi hivyo? Mimi nimesema mengi."

Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Kwa jibu hilo wakakuandika kwamba unaangaliwa tu, hujalazwa. Kumbe bima ya wazee ya huku hailipii nyumba ya uuguzi mpaka uwe umelazwa rasmi siku tatu mfululizo. Ulilalia kitanda chao, ukala uji wao usio na sukari, ila kwenye karatasi hukulazwa. Mama, anayewageuza wazee wa watu kitandani kwenye nyumba ya uuguzi ya Maple Grove, akakosa kitanda cha mama yake. Tukakurudisha nyumbani. Ulianguka tena ukiwa peke yako, mimi niko kwenye somo la hesabu. Hukuamka tena.

Jumamosi kuna mkutano maktabani. Mbunge atawasikiliza wanaotaka kanuni ile ibadilishwe, kila siku ya kitandani ihesabiwe. Mama kaniandikisha niseme, mimi ninayejificha chooni siku ya kusoma kwa sauti. Nitaisoma barua hii kwa Kiingereza. Mama atakaa kiti cha mbele, na habari ya mguu haijui.

Jana nilifanya mazoezi chumbani kwako. Nilipofika kwenye "salama", nikakwama, kama siku ile. Nyuma yangu mkongojo ukagonga sakafu mara moja, vile wewe ulivyokuwa ukiugonga mtu akikatisha hadithi.

Sikugeuka. Nikasema yote, mpaka habari ya mguu.

Pumzika sasa, Bibi. Jumamosi sitafupisha.

Mjukuu wako, mkalimani wako