Ukuta wa Zahanati

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata! Miaka kumi na tisa napaka mistari ya barabara na vibao vya "Usiegeshe Hapa", leo halmashauri imenipa ukuta mzima wa zahanati nichore picha. Picha! Pesa za serikali, fungu la sanaa. Nikamwambia mke wangu nikitegemea kigelegele. Yeye ndiye muuguzi mkuu pale. Akauliza kama serikali inajua glavu zimeisha tangu wiki jana. Furaha ikatumbukia nyongo.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza Ofisa Utamaduni: pesa hizi haziwezi kununua glavu? Kacheka. Fungu la sanaa ni la sanaa, nisipochora zinarudi zilikotoka. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamweleza mama watoto.

"Sawa, baba watoto. Na aliyegawa mafungu, naye kashuka kutoka mbinguni?"

Mbona kila anayesema naona ana haki?

Alhamisi, 7 Machi
Makubwa! Asubuhi nimepiga miraba ukutani kwa chaki, kila mmoja na namba yake, ili nikikuza mchoro nisikosee. Nikaenda kufuata ngazi. Kurudi — wagonjwa wamejipanga, kila mtu chini ya mraba wake! Wamedhani ni utaratibu mpya wa foleni. Bibi mmoja wa namba saba kagoma kusogea, yake ndiyo hiyo. Nikaeleza kwamba ni picha. Fundi viatu mwenye kidonda mguuni akauliza picha itamwita nani aingie. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini imeniuma.

Mke wangu akatoka, akaanza kuwaita kwa namba. Hakuna aliyesukumana. Anasema ni mara ya kwanza mwaka huu hajapandisha sauti. Niache hivyo hivyo, eti. Chaki! Mimi nimewaza mto na watoto wanaogelea, yeye kapenda namba.

Ijumaa, 8 Machi
Bibi wa jana karudi kuchomwa sindano. Kaushika mchoro wangu wa karatasi, kauangalia mpaka kaitwa mara mbili. Kaniagiza mto usiwe na mamba, na pale ukingoni niweke kivuli watu wakae. Nimefurahi kama mtoto! Sijamaliza kufurahi, fundi viatu kapita akichechemea. Kidonda hakikusafishwa. Kaambiwa akanunue glavu kwanza.

Jumamosi, 9 Machi
Ofisa kaleta fomu. Kazi haianzi mpaka muuguzi mkuu asaini kwamba zahanati inaihitaji picha. Nimemwekea mke wangu mezani baada ya chai. Kaisoma yote, hata maandishi madogo. Kasema sahihi atatia, hana ubaya na mimi, ila sehemu ya "Sababu" nijaze mwenyewe. Na nijaze kama ninayemsomea fundi viatu.

Kakaa mbele yangu, kalamu mkononi, anasubiri. Hana hasira. Bora angekuwa nayo.

Niseme inapendeza? Atanicheka. Niseme inaponya? Uongo. Niseme pesa zitarudi zilikotoka? Hiyo si sababu. Na bado naitaka picha hii, Mungu wangu, naitaka!

Najaribu kwanza humu daftarini nisije nikachafua fomu. Zahanati inahitaji picha kwa sababu