Kengele Yetu Haina Ufa

Mpendwa mshauri Mama Faduma,

Nakusalimu katika jina la Bwana, najua wewe ni Muislamu lakini salamu haina ubaya. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na tafadhali sana usitaje jina langu.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa hapa Isiolo, nimeoa, watoto wamekua, sinywi, sivuti, na shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikiandika vibaya unisamehe. Mambo yangu yalianza nilipoona injini kuukuu nyuma ya boma la Abdihakim, yule wa malori, imelala kwenye majani na kuku wanataga ndani ya tangi lake la maji. Ni injini ya dizeli ya zamani, ya silinda moja, si ya gari, ni ile ya kukaa mahali pamoja ikizungusha kinu, na ndiyo ilikuwa ikisaga unga wa mtaa mzima nilipokuwa kijana, ukisikia tuk, tuk, tuk kutoka mbali unajua leo kuna ugali. Abdihakim akaniambia, "Chukua, mzee, hata nyoka wameikataa," nikaibeba kwa mkokoteni wa punda, na tangu siku hiyo sijakuwa mtu wa kawaida.

Mke wangu Nakaale aliuliza itafanya kazi gani, nikamwambia haitafanya kazi yoyote, nataka tu izunguke, akarudi jikoni. Mimi nikaloweka pistoni kwa dizeli na mafuta ya breki mpaka ikaachia, nikasugua kutu kwa brashi ya waya, nikasafisha injekta, nikaipaka rangi ya kijani, na siku ilipowaka nilipiga magoti hapo hapo kwenye mafuta nikamshukuru Mungu, lakini sala sikumaliza kwa sababu injini ilikuwa inakuja. Unajua, injini ya aina hii inataka magurudumu mawili mazito ya chuma, moja kila upande, ndiyo yanaituliza, na yangu ina moja tu, kwa hivyo ikiwaka inaruka kama mbuzi aliyefungwa mguu, na siku hiyo ilivuka uwanja ikabomoa jiko. Nakaale alitoka na mwiko mkononi akaniuliza, "Baba, hiyo ndiyo kuzunguka?"

Nikarudi kwa Abdihakim kuuliza gurudumu la pili liko wapi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Si ni wewe unalipiga kila Jumapili?"

Mama Faduma, ni kweli. Kengele ya kanisa letu ni gurudumu linaloning'inia kwenye mti wa mgunga, marehemu baba yake Abdihakim ndiye aliyetupatia zamani wakati tulikuwa tukiita watu kwa kupiga sufuria, na mpiga kengele ni mimi. Nilienda kuangalia nikakuta namba zilezile za gurudumu langu karibu na tundu. Jumapili iliyofuata niliinua chuma cha kupigia nikashindwa kupiga, Pasta Bedan akaniuliza kama nimeona maono.

Ningeomba tu, lakini niliona aibu, mzee mzima kuomba kengele ya kanisa kwa ajili ya injini isiyofanya kazi yoyote. Kwa hivyo kwenye kamati nikasimama nikasema kengele ina ufa. Nilitegemea watasema itupwe, na mimi nijitolee kuitupa. Wakaja kuangalia, nikawaonyesha mstari uliobaki tangu chuma kilipomiminwa kiwandani, na Mama Akolong, ambaye hawezi kutia uzi kwenye sindano, akasema, "Ooh, naona, mpaka kule juu!" Kutoka hapo kila mtu akaanza kusikia sauti imebadilika, na kwaya hawasimami tena karibu na mti.

Lakini Pasta akasema zawadi ya jirani haitupwi, itachomelewa. Akamwita Waqo fundi wa kuchomelea, Waqo akaangalia pande zote akasema, "Pasta, mimi sioni ufa." Pasta akamwambia, "Imani, Waqo. Mzee wetu ameuona." Waqo ni mtu wa heshima, akasema basi atachomelea pale watakapomwonyesha. Nilimfuata mpaka barabarani nikamwambia chuma cha namna hii ukikichoma hovyo kinapasuka, akanijibu, "Mzee, nimechomelea lori lililokatika katikati likaenda Garbatulla likarudi. Kengele ni nini?"

Anakuja Jumamosi. Nikinyamaza, ule ufa utakuwa wa kweli, kanisa litabaki bila kengele na mimi bila gurudumu. Nikisema, nitasimama vipi tena chini ya ule mti watu wakiniangalia? Nimeomba, nimefunga, Mungu ananijibu kitu kimoja tu na hicho sikitaki. Nishauri kingine.

Ni mimi,
Mpiga kengele


Jibu la Mama Faduma, lilivyosomwa hewani Alhamisi asubuhi:

Mpiga kengele, salaam aleikum, na habari yako.

Jina lako sijalitaja. Umetaja mke wako, pasta wako, fundi wako na mwenye malori, na kanisa linaloita watu kwa gurudumu la kinu hapa Isiolo najua moja tu, na mimi hata si wa dini hiyo. Usinilaumu. Anayetaka siri haachi barua kwa askari wa geti la redio.

Kwanza pole. Injini sikuchekelei. Mwanamume wa umri wako angeweza kupatwa na mambo mabaya kuliko kutu, na kitu kisichofanya kazi yoyote nacho kina haki ya kupendwa. Mimi nina paka.

Lakini sikiliza, mzee wangu. Aibu ya kuomba ni ndogo, ukaikimbia ukaingia kwenye kubwa. Umemfanya Mama Akolong aamini macho yake yamepona. Umewafukuza kwaya chini ya kivuli chao. Na Waqo, mtu pekee aliyesema kweli chini ya ule mti, ameambiwa hana imani. Huyo utamwomba msamaha peke yake, mkono kwa mkono, si kwa salamu za kupitisha.

Unaniomba jibu lingine kwa sababu la Mungu hulitaki. Mimi sina duka la pili. Utaenda kwa Pasta leo, si kesho, na utamwambia kengele haina ufa na ulijua. Usitafute maneno ya kuzungukia, wala usimtaje shetani, hakuwa kwenye kamati. Halafu utanyamaza. Gurudumu usiliombe! Mtu anayekiri uongo na kuomba zawadi kwa pumzi moja hajakiri, anafanya biashara. Acha siku zipite mpaka watu wamalize kukucheka, na watacheka sana, vumilia. Ndipo uende kwenye kamati ile ile uombe kwa mdomo wako, ukiwa na kengele nyingine mkononi ya kuwaachia. Wakikupa, alhamdulillahi. Wakikataa, uendelee kulipiga kila Jumapili kwa heshima, na injini yako uifunge kwa bolti kwenye zege kabla haijafika kwa jirani. Na jiko la Nakaale ulijenge wiki hii. Ameniandikia kulalamika? Hajaniandikia. Basi mshukuru.

Unauliza utasimama vipi tena chini ya mti. Kwa miguu yako, kama kawaida. Watu watakuangalia, halafu utapiga kengele, na kwaya watasogea tena karibu, kwa sababu aliyewaambia ina ufa ndiye atakuwa amewaambia haina.

Barua yako nimeisoma polepole kwa makusudi, nikakohoa mahali ambapo sikuwa na kikohozi, ili upate nafasi ya kuvaa viatu. Pasta naye ana redio, lakini kusikia kutoka kwangu si kusikia kutoka kwako. Sasa naweka wimbo, nimechagua mrefu. Ukifika ukamkuta amesimama mlangoni anakungoja, usirudi nyuma. Sema tu, "Pasta, kengele yetu haina ufa." Nimeyajaribu hayo maneno hapa studio, hayamalizi hata pumzi moja.

Nenda.