Cherehani yangu ya mkono

Musoma, Jumanne

Kila mtu ana lake kuhusu cherehani yangu. Baba Rhobi anasema niiuze ninunue mpya, maana siku hizi maduka yamejaa vitu. Fundi Ramadhani anasema, "Mama Rhobi, chuma cha namna hii hakiji tena. Nikufungie meza yenye pedeli, uzungushe kwa miguu." Lakini hizo meza si anauza yeye!

Nimechoka. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unashika kitambaa. Rhobi wangu akilia, sina mkono wa tatu.

Leo nimeenda dukani na kipande cha kaki, maana mimi nashonaga kaptula za shule. Ile mpya inang'aa kweli. Nikaijaribu; ilipofika kwenye pindo, sindano ikavunjika.

"Dada, hii ni ya vitambaa laini," muuzaji akasema. Kama vile mimi ndiye nimekosea!

Nyumbani nimekipitisha kipande kilekile kwenye yangu. Ikanguruma, ikapita.

Basi, nitafunga pedeli. Ila cherehani yenyewe imezeeka, naogopa. Ikifa mwezi ujao tutabaki na meza nzuri ya kulia ugali, na Baba Rhobi atanicheka kila akinawa mikono.