Mwenyeji wa Programu Zetu

Jumamosi, 7 Juni 2003

Kikao cha chama cha kompyuta. Kupoteza muda tu! Ajenda: mkusanyiko wetu wa programu ukae wapi. Kazi moja – tuseme kupanga majina kwa alfabeti – imeandikwa kwa lugha tatu za kompyuta, Basic, Pascal na C, ubavu kwa ubavu, mtu alinganishe. Nimezikusanya mimi kwa walimu, Singida hadi Itigi. Wenzangu wamekusanya visoda.

Mwanachama mwenzetu Yeremia, tangu arudi kutoka Dar haongei na watu, anawahutubia. Anataka tovuti ya bure Marekani. Matangazo ya kamari juu na chini! Na pale intaneti kafe, ukurasa ukifunguka wewe umeshamaliza kusuka nywele. Nikakataa.

Basi mwenyeji wa programu awe nani, akauliza. Kiswahili chake cha kutafsiri “host”, yaani kompyuta ya kuzihifadhi! Mwenyekiti, Mzee Hussein, muuza mafuta ya alizeti aliyetununulia kompyuta, akadaka: mwenyeji si ni yeye? Mgeni akalale kwa Mzungu, na yeye ana vyumba Mwankoko? Makofi. Nami nilipiga. Heri mzee kuliko Yeremia.

Jumatano, 11 Juni

Mwankoko. Shikamoo, chai, maandazi, ndipo nikaonyeshwa kompyuta ya chama, yenye programu zetu zote. Iko sebuleni, imefunikwa vitambaa vya kufuma, juu ua la plastiki. Haijachomekwa. Mama Mwantum, mke wa mzee, anasema umeme utaichosha. Walimu wa Shelui walikuja kunakili programu. Wakalishwa wali kuku, wakaondoka bila mstari hata mmoja. Wakasifu ukarimu! Majuha.

Jumapili, 15 Juni

Yeremia kauliza kama nina nakala. Nikamwambia akaulize Marekani.

Sina. Disketi zangu zote zimegoma kusoma. Naogopa.

Ijumaa, 20 Juni

Radhia, binti wa mzee, anaolewa Shelui. Nimekwenda kusaidia kupika. Nje lori linapakiwa vyombo vya bibi harusi: kitanda, kabati – na kompyuta! Na vitambaa vyake!

Nikamkimbilia mzee. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, ikatoka shikamoo. Ya pili leo! Nikauliza, na programu zetu je? Akasema zimekaa kwake vizuri, zimekuwa wanawe, sasa nazo zinaolewa. Vigelegele. Mtu anazika kazi yangu yote, na watu wanapiga vigelegele!

Nimepanda lori. Naandika nimekalia godoro la Radhia, mkono mmoja umekumbatia kompyuta. Yeremia naye kapanda, hakuna aliyemwita. Anasema wakwe wa Shelui wana umeme, na disketi mpya anazo mfukoni. Anajigamba hata juu ya magodoro! Nimemwambia ashike upande wa pili, isidondoke.

Dereva kawasha. Mzee Hussein yuko chini, anauliza kwa sauti: Mwalimu Kauthar, kwani na ninyi mnaolewa?

Mtaa mzima unacheka. Yeremia pia anacheka, mpumbavu! Sishuki.