Sukari ya Kuunguza

Dada yangu,

Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, na paka wako bado yupo, mnene kama mto.

Mama ndiye amebadilika. Siku hizi ananiita kwa jina lako. Juzi alinishika mkono akaninong'oneza siri ya pudini ya bibi, ile ambayo hupewa binti mkubwa peke yake: sukari iachwe motoni mpaka itoe moshi, ndipo umimine maziwa na mayai. Miaka yote hii namuuguza huku nikiipika kwa kubahatisha, na hakuwahi kunidokezea.

Basi nikaipika. Alikula, akalamba kijiko.

"Hii ndiyo yenyewe, mwanangu. Ila mdogo wako usimwambie. Yule ataiharibu."

Nikamfuta mdomo, nikaahidi kwa niaba yako.

Ni mimi,
mdogo wako